Mkanda wa Dunguni

Bremen, 12 Januari 1991

Kwa dada yangu Dhahabu,

Salamu zikufikie hapo Shika Adabu, wewe na Mwanabibi na yeyote atakayekuwa amekaa barazani kwako siku barua hii itakapofika, maana baraza lako halikosi watu. Mimi nipo. Theluji imeanguka tangu Jumatatu na viatu vyangu vya kazi vimepasuka, lakini kibarua bado hakijaota nyasi. Karisa aliniambia meli yao ilipotia nanga hapa kwamba shangazi wa Changamwe anaumwa na miguu. Mpe pole yangu. Halafu nakuomba usinipigie tena simu kutoka dukani kwa Boga. Laini za huku zinavuma mno na maneno yako hayanifikii. Niandikie tu.

Sasa nisikilize vizuri. Unaikumbuka sahani yetu ya Dunguni. Nauliza upuuzi, kwani wewe ndiye uliyeimba. Kuna bwana mmoja hapa, jina lake Lüders, mwenye kampuni ndogo ya kutoa upya sahani za zamani. Wateja wake si watu wa densi. Ni watu wenye spika kubwa kama makabati, wanaovua viatu, wanakaa kwenye kiti kimoja katikati ya chumba na kusikiliza kimya kama wanaosikiliza hotuba ya Ijumaa. Lüders aliiokota Dunguni kwenye soko la vitu vikuukuu, akanitafuta miezi minane hadi akanipata kwenye kiwanda cha meli. Anasema hajapata kusikia nyimbo za kuwinga ndege zikipigiwa gitaa la umeme namna ile, na anataka kuzichapa kwenye sahani nzito, isiyokwaruza, kwa sauti ileile iliyokuwa chumbani siku ile.

Hawezi kunakili kutoka kwenye sahani za 1974. Zilichapwa kwa plastiki nyembamba na zimejaa kelele. Anataka mkanda wa asili. Anasema mkanda una kila kitu, hata vile vitu ambavyo sahani haikuvibeba. Nilimwambia habari ya bangili. Unakumbuka fundi wa studio alivyokuamuru uvue bangili zote, ukavua kumi na moja, ukakataa ile moja ya mama? Lüders anasema kwenye mkanda bangili hiyo bila shaka inasikika. Nami miaka kumi na saba sijaisikia.

Mkanda uko kwako, ndani ya debe la biskuti nililokukabidhi 1977 nilipoingia melini. Mpe Karisa akija mwezi wa tano. Lüders ana haraka, nami nina haraka kumzidi. Sitaki kukueleza sana. Bila mkanda hakuna sahani.

Kaka yako,
Bakari


Likoni, 9 Machi 1991

Shikamoo kaka Bakari,

Barua yako ya Januari imenifikia Machi, kwa hiyo nadhani ilikuja kwa miguu. Sisi tu wazima. Shaabani inakwisha, Mwezi wa Ramadhani uko mlangoni, na mimi bado sijapata nazi za kutosha wala subira. Mwanangu Mwanabibi amepata kazi ya mapokezi katika hoteli moja huko Diani. Wanamvisha tai shingoni kama karani. Miguu ya shangazi imepungua uvimbe, ila ulimi wake haujapungua. Paa la nyuma linavuja. Nakwambia tu, siombi kitu.

Nimefurahi kusikia wazungu wanavua viatu kwa ajili yetu. Huku mambo ni yaleyale. Mwaka huu tena, kwenye harusi ya Kongowea, yule mwanamke wa Kisauni alisimama akatangazwa kwa jina la Mwanatabu, mwimbaji wa Dunguni mwenyewe, akaimba wimbo wa nyanya yetu akiupinda kama anayekamua nguo. Watu wakamtunza. Nilikuwa nimekaa mkekani, hatua tano kutoka alipo, nakula biriani.

Sikulaumu kwa kubuni hilo jina. Nilikuwepo. Baba angalijua bintiye ameimba kwenye sahani inayopigwa mikahawani, angalituvunja miguu sote wawili. Lakini unajua mimi nilichokiona na wewe hukukiona, kwa sababu wewe ulikuwa ukirandaranda na gitaa lako. Baba alikuwa akirudi kutoka kazini Changamwe, anawasha redio, na wimbo ukipigwa anasema, "Huyu Mwanatabu kazaliwa na watu." Mimi nimeshika sinia la wali mkononi. Amekufa hajui.

Basi nakuuliza swali moja. Hiyo sahani mpya, kwenye jalada, itaandikwa jina gani?

Kuhusu debe, nadhani liko kwa shangazi, tulihamisha vitu vingi mama alipofariki. Baada ya Idi nitakwenda kulitazama.

Mdogo wako,
Dhahabu


Bremen, 22 Aprili 1991

Dada Dhahabu,

Idi njema ingawa imepita. Niliswali hapa na Waturuki, wakanipa halua. Mpongeze Mwanabibi kwa kazi na kwa tai.

Dada, hilo debe si la kutazamwa baada ya Idi. Ni la kufuatwa leo. Lüders alinialika kwake akaipiga ile sahani aliyonayo kwenye mitambo yake. Tulikaa, yeye kwenye kiti, mimi kwenye zulia. Ilikuwa kama samaki wanakaangwa na kwa mbali kuna mtu anaita. Mtu huyo ni wewe. Nilisogea hadi nikaweka sikio kwenye kitambaa cha spika, na bado ulikuwa mbali. Lüders akanitazama vibaya kidogo, kwani hapendi mtu aguse spika zake. Sikujali.

Nenda kwa shangazi. Kama ufunguo wa chumba umepotea, vunja kufuli, nitalipa kufuli. Kama debe limeshika kutu, usilisafishe. Mkanda ukiwa umenata, usiukunjue, Lüders ana dawa yake. Mpe Karisa mkononi, si kwa mtu mwingine. Nakuomba kama ninavyomwomba Mungu, na astaghafirullah kwa kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Ndani ya barua hii nimetia nakala ya maandishi yatakayowekwa nyuma ya jalada. Ni ya Kijerumani, hutaambulia neno, lakini utaona ile picha yangu na gitaa pale kivukoni, nilipokuwa bado na nywele.

Kaka yako,
Bakari


Likoni, 20 Juni 1991

Bakari,

Salamu. Idi ya kuchinja ni Jumapili. Tu wazima.

Umekaa Ulaya mpaka umesahau watu wa kwenu. Hapa Likoni, mtoto wa kike akitaka kazi hotelini, kitu cha kwanza anachojifunza ni Kijerumani. Mwanabibi anakizungumza kutwa na wageni, hata akiota. Aliichukua karatasi yako, akaketi kwenye kiti cha baba, akaanza kunisomea kwa furaha, mstari kwa mstari. Alipofika katikati akaishusha karatasi. Nikamwambia endelea. Akasema, mama, nadhani wamekosea. Nikamwambia endelea.

Kwa hiyo nimesomewa tanzia yangu mwenyewe. Nimeambiwa kwamba Mwanatabu, msichana wa shamba mwenye sauti adimu, alifariki 1979 akijifungua, na kwamba rafiki yake mpiga gitaa hajapata kuimbiwa na mwingine tangu hapo. Rafiki yake. Hata udugu umenivua. Ni kweli nilijifungua, lakini mwaka 1973, na aliyezaliwa ndiye aliyekuwa akinisomea.

Karisa alikuja mwezi wa tano, akanywa chai, akaondoka mikono mitupu. Mkanda ninao. Uko mahali pazuri. Utaupata siku utakaponitumia jalada lililoandikwa jina langu, Dhahabu binti Mwidani, na kwamba niko hai. Kabla ya hapo usiniandikie habari ya debe.

Dhahabu


Bremen, 15 Agosti 1991

Dada yangu Dhahabu,

Sina salamu za kuremba. Nimekaa na barua yako wiki tano.

Nilikuua kwa sababu kufa ni jibu lisilo na swali la pili. Nilipofika huku nilikuwa nikipiga gitaa kwenye vijikahawa siku za Jumamosi, na watu waliokuwa na ile sahani waliniuliza, yuko wapi yule mwanamke? Ningalisema ni dada yangu, wangalitaka jina, picha, anwani, na wakati ule baba alikuwa hai. Siku ya kwanza nikasema amefariki. Wakanishika bega. Mama mmoja akalia. Nitakwambia na lililobaki, kwa kuwa siku zimekwisha za kujipamba. Nilipenda wanishike bega. Baba alipokufa sikuwa tena na sababu ya kusema uongo, na bado niliusema, kwa kuwa bila wewe nilikuwa mwenye Dunguni peke yangu.

Juzi nilikwenda kwa Lüders nikamwambia ukweli. Alikasirika mno, kwa kuwa maandishi yalikwisha kupigwa chapa. Alizungukazunguka chumbani, akaniuliza mara mbili, yu hai? Nikamwambia yu hai, na ana ulimi. Ameyachana makaratasi yote. Jalada jipya hili hapa, nimelitia. Mpe Mwanabibi akusomee, safari hii mbele ya watu wote wa barazani.

Sasa ni zamu yangu kukuomba, na nitakwambia kwa nini nina haraka. Laini za simu hazivumi, Dhahabu. Masikio yangu ndiyo yanayovuma. Miaka kumi na miwili nimepiga nyundo ndani ya matumbo ya meli, chuma juu ya chuma. La kushoto lilikufa mwaka jana. La kulia linakwenda. Daktari amenichorea mstari kwenye karatasi, unashuka kama ngazi, na anasema huenda mwaka mpya usinikute nasikia chochote. Sikukwambia kwa sababu ungalinihurumia, na mimi kwako sikutaka huruma. Ya wageni ilinitosha.

Sahani si haja yangu tena. Lüders atapata sahani nyingine. Mimi nataka nikae kwenye kiti chake, niwekewe huo mkanda, nikusikie wewe na ile bangili mara moja, kabla mlango haujafungwa. Utume leo.

Bakari


Likoni, 4 Septemba 1991

Kaka yangu Bakari,

Shikamoo. Nisamehe kabla hujasoma.

Jalada nimeliona. Mwanabibi amelisoma kwa sauti. Watu wa barazani wakapiga vigelegele, shangazi akataka aguse herufi kwa kidole. Mimi niliingia ndani nikafunga mlango, na wao wakadhani ni furaha.

Mkanda hakuna. Nilikudanganya. Hakuna tangu 1984.

Nikwambie ilivyokuwa. Mwaka ule mama alikuwa kitandani, Mwanabibi shuleni, na mpunga wetu wa bondeni Pungu umekomaa na ndege wamekuja makundi kwa makundi. Nilikuwa sina mtu wa kukaa juu dunguni kuwafukuza. Siku hiyo nimetoka harusini Kisauni, mara ya kwanza kumwona yule mwanamke akiitwa Mwanatabu, akiimba ule wimbo wa nyanya, na watu wakiniambia, Dhahabu, kaza masikio usikie watu wanavyoimba. Nilirudi nyumbani nikalifungua debe lako. Nikaukuta mkanda umekunjwa vizuri, mweusi, unang'aa. Wenzangu wote walikuwa wakitega kanda za kaseti mbovu mashambani mwao, kwa sababu upepo ukipita zinavuma na ndege hawakai. Wa kwetu ulikuwa mpana zaidi ya kaseti. Kesho yake nikaufunga kutoka kijiti hadi kijiti, shamba zima, kutoka mkorosho hadi kwenye mfereji.

Ulivuma, kaka. Ulivuma mpaka majirani wakauliza umetoa wapi. Hakuna ndege aliyetua. Tulivuna magunia sita na mama akala uji wa mchele ule hadi siku yake ya mwisho. Nilikuwa najiambia kwamba nyimbo zimerudi kufanya kazi yake. Nilikuwa nacheka peke yangu. Sikujua kama kuna siku mtu atazihitaji, wala kwamba mtu huyo atakuwa wewe.

Barua yako ya Januari ilipofika, ningalisema. Niliogopa, nikasema debe liko kwa shangazi. Kisha ukanitia kaburini, nikaona hasira ni tamu kuliko hofu, nikasema mkanda ninao. Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe ulificha sikio, mimi nikaficha shamba, na miezi minane ikapita tukiandikiana upuuzi. Ungaliniambia Januari, ningalikuimbia Januari.

Juzi nilipanda gari hadi Ng'ombeni nikashuka bondeni kwa miguu. Nilitafuta kutoka asubuhi hadi adhuhuri. Kwenye mkorosho nimekuta kipande urefu wa mkono, kimepauka, hakina tena rangi. Nimekitia kwenye bahasha hii ili usidhani nakudanganya tena.

Na nimefanya jambo jingine. Nilimwazima Mwanabibi redio yake ya kaseti, nikafunga dirisha, nikaimba Dunguni yote kwa mpango wake, wimbo wa kwanza hadi wa nane. Sina gitaa, sina wapiga ngoma, na sijaimba tangu siku ile ya 1974, wallahi hata jikoni. Sauti imekwaruza. Jogoo wa Boga aliingilia wimbo wa nne. Bangili nimevaa. Kaseti sitaiamini posta, nampa Karisa akuletee mkononi. Anasema wanang'oa nanga wiki ijayo.

Ikikufika usimngoje Lüders, iweke sikioni palepale. Halafu urudi nyumbani. Paa linavuja lakini kuna chumba.

Mdogo wako,
Dhahabu


Likoni, 17 Novemba 1991

Kaka Bakari,

Shikamoo. Hujajibu. Boga anasema amesikia meli ya Karisa iliwekwa Durban wiki tano kwa kuharibika mtambo. Kaseti ningaliitia posta, ingalikuwa imefika. Kila jambo ninaloshika ili lisiharibike, ndilo ninaloliharibu.

Nimempigia mwajiri wako simu kutoka hotelini kwa Mwanabibi, naye akazungumza nao Kijerumani. Wanasema hujafika kazini siku nne. Niandikie neno moja tu. Andika nimeisikia, au andika sijaisikia.

Dhahabu


Bremen, 8 Januari 1992

Dada Dhahabu,

Sijaisikia.

Karisa alikuja tarehe mbili Desemba. Sikio la kulia lilikwenda tarehe kumi na mbili Novemba, asubuhi. Niliweka birika jikoni, nikangoja lilie kama kawaida yake, nikaona moshi. Maji yalikuwa yamekauka yote. Nilipiga ukuta kwa kiganja, nikapiga tena. Jirani wa chini alipanda kunigombeza, nikamwona kinywa chake kinakwenda. Siku zile ulizopiga simu kiwandani nilikuwa nimelala kitandani nikiutazama ukuta. Sitaki kuziandika.

Kaseti yako niliiweka mezani siku mbili. Nilikuwa naitazama tu. Siku ya tatu nikaipeleka kwa Lüders, si kwa sahani, kwa vile sikuvumilia kwamba umeimba na hakuna mtu aliyekusikia. Alivua viatu. Akakaa kwenye kiti chake. Mimi nikakaa mbele yake nikamtazama uso, kwa kuwa uso wake ndio uliokuwa redio yangu. Alifumba macho. Kuna mahali alicheka, nadhani ni jogoo wa Boga. Kuna mahali aliinua kidole, akaniandikia kwenye karatasi: chuma kidogo, mkononi mwake. Nikajua ni ile bangili. Sikujizuia, Dhahabu. Nililia mbele ya mtu mzima mwenzangu.

Kisha akakunja uso, akarudisha kaseti nyuma, akasikiliza tena. Akaniandikia: mara nyingi ananyamaza, kimya kirefu, kisha anaendelea. Amesahau maneno? Nikachukua karatasi nikaona ameweka alama za saa, wapi unanyamaza na kwa muda gani. Nikazihesabu kwa kidole gotini. Hukusahau kitu. Ulikuwa umeniachia nafasi zangu. Kila mahali gitaa lilipokuwa likiingia 1974, ulinyamaza ukaningoja.

Basi nilirudi nyumbani kuchukua gitaa. Wiki mbili tulifanya kazi ile. Lüders alikaa mbele yangu amevaa spika za masikioni, akinipigia mdundo gotini kwa mkono, akiinua kidole zamu yangu ikifika. Vidole vinakumbuka. Nilikuwa nasikia nyuzi kwa ncha za vidole na kwa mbavu, basi. Ameamua kuitoa hiyo. Anasema haina usafi ambao wateja wake wanautaka, na kwamba wakiikataa shauri yao. Upande mmoja na mwingine, wewe wa leo na mimi wa leo. Jalada ni lile lenye jina lako, jina la pili ni langu.

Sahani ikikufikia nakuomba jambo moja, na hili ndilo la mwisho ninalokuomba katika habari hii. Lüders ni mstaarabu. Kila nikimaliza wimbo anatabasamu na kutikisa kichwa, na sijui tabasamu lake lina maana gani. Wewe hujawahi kunionea haya. Niambie kweli. Nilikufuata, au nilikuacha njiani?

Kaka yako,
Bakari


Likoni, 11 Juni 1992

Kaka yangu Bakari,

Shikamoo, na Idi njema, ni leo tunapochinja. Mbuzi ni mdogo, shangazi amekwisha kulalamika.

Sahani ilifika mwezi jana kwa mkono wa Karisa. Ni nzito kweli, nilidhani ametia mbili. Gramafoni ya baba ilikuwa imekufa miaka mingi, ikabidi niibebe hadi kwa fundi wa Kongowea, akaitia sindano mpya na mpira mpya. Watu walijaa hadi nje. Yule mwanamke wa Kisauni naye alikuja, sijui nani alimwambia, akasimama mlangoni na buibui lake. Nilimkaribisha mkekani. Ameimba nyimbo zangu miaka minane wakati mimi nimezifungia, ningemfukuza kwa kosa gani? Niliwaambia watu wavue viatu kama wale wa Lüders. Wakavua.

Umeniomba kweli, na tangu mwezi jana nimekuwa nikiandika barua hii na kuichana. Mwanabibi alinishauri nikuandikie kwamba ulipiga vizuri kote. Tumekwisha kuona faida ya kufichana.

Wimbo wa kwanza na wa pili uliingia sawasawa. Watu walitazamana. Wa tatu ulikosea palepale ulipokuwa ukikosea zamani, kile kidole cha pete, nikacheka hadi nikakohoa. Wa nne jogoo alikushinda. Wa tano, wa sita na wa saba, nani angejua kwamba husikii? Mimi sikujua, na ninajua.

Wa mwisho, wenyewe wa Dunguni, ulichelewa. Pale katikati nilipokuachia zamu ndefu, ulianza polepole, vizuri kuliko 1974, wallahi vizuri kuliko siku yoyote niliyowahi kukusikia, na sote pale chumbani tulikuwa tunakutaka uendelee. Lakini sauti yangu ilikuwa imekwisha kupimwa kwenye kaseti ya Septemba, haina namna ya kukuona. Ilianza tena kabla hujamaliza. Ulijaribu kunikimbilia. Unasikika unakimbia. Hukunifikia hadi mwisho.

Ninaipiga kila Ijumaa baada ya swala, na kila nikifika hapo nanyoosha mkono kutaka kujizuia nisianze.

Ulinifuata, kaka. Ni mimi niliyekuacha. Siku ile nilikuwa peke yangu chumbani, dirisha limefungwa, nahesabu zamu zako kwa kichwa, na nilidhani nimekuachia muda wa kutosha. Ningalijua utapiga vile, ningalikungoja zaidi.

Chumba kipo. Paa nimeliezeka.

Mdogo wako,
Dhahabu